Nani Anaondoa Makapi ya Mashine Mpya?



Kila aliyepata kufanya kazi kwenye shamba la mkonge anaijua korona. Jani linaingia zima upande mmoja, linapondwa na kukwanguliwa, na upande wa pili zinatoka singa. Maji na makapi yanakwenda mtaroni. Siku hizi iko mashine nyingine yenye kazi ya namna hiyo hiyo, ila malighafi yake si mkonge. Malighafi yake ni maandishi.

Mashine hiyo ni programu ya kompyuta, na inaitumikia akili mnemba, yaani kompyuta zilizofundishwa kujibu maswali na kuandika kwa lugha za watu. Akili mnemba iliyofundishwa mwaka huu haiwezi kujua yatakayotokea mwakani. Kwa hiyo ikiulizwa bei ya chai kwenye mnada wa Mombasa wiki hii, haina budi kumtuma tarishi. Tarishi huyo ndiye programu tunayoieleza hapa.

Kazi yake ina hatua nne. Kwanza, anatafuta kwenye intaneti kurasa zinazohusu swali. Pili, anazifungua kurasa hizo nyingi kwa mara moja, kabla mtu hajamaliza kusoma hata moja. Tatu, anakwangua: matangazo ya biashara, picha na mapambo yanatupwa, maneno yanabaki. Nne, anayakabidhi maneno hayo kwa akili mnemba, nayo inayasoma na kutunga jibu. Programu zinazoweza kufuata hatua zote hizi bila mtu kuziamuru kila mara huitwa mawakala.

Hadi hapa hakuna ubaya. Lakini sisi wafanyakazi tumezoea kuuliza: jani hili limelimwa na nani, na singa zinauzwa kwa faida ya nani?

Jani limelimwa na watu. Waandishi, walimu, mafundi na wakulima ndio walioandika kurasa hizo. Tangu mwaka 1994 ipo desturi, iliyopendekezwa na mtaalamu Martijn Koster, ya kuweka kijifaili mlangoni mwa tovuti kinachoziambia programu wapi zinaruhusiwa kuingia na wapi haziruhusiwi. Desturi hiyo ni sawa na kibao cha "Hakuna Njia" kwenye shamba lisilo na uzio. Mwenye adabu hugeuka akarudi. Asiye na adabu hupita, kwa kuwa kibao hakina mikono ya kumzuia.

Mashauri yamekwisha anza. Mwezi Desemba 2023 gazeti la New York Times la Marekani lilizishtaki kampuni za OpenAI na Microsoft kwa madai ya kutumia makala zake bila idhini. Kampuni hizo zinajitetea kwamba sheria ya Marekani inaruhusu matumizi ya aina hiyo.

Sasa tuje kwa jirani zetu wa Kenya, maana huko ndiko makapi yalikopelekwa.

Maandishi yaliyozolewa kutoka kila pembe ya intaneti huja na uchafu wake: matusi, mauaji, watoto kutendewa ukatili. Mashine haiwezi kuutambua uchafu huo mpaka mtu ausome na kuuwekea alama. Mwezi Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, iliwatumia wafanyakazi wa Kenya kusoma maandishi ya namna hiyo na kuyapanga kwa makundi. Kwa mujibu wa jarida hilo, mikataba iliweka malipo ya dola 12.50 kwa saa kwa kampuni, lakini mfanyakazi alipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Sama ilijibu kwamba wafanyakazi wangeweza kupata hadi dola 3.74, na kwamba dola 12.50 zilijumuisha gharama zote, pamoja na mishahara ya wasimamizi. Wafanyakazi waliohojiwa walisema waliumia rohoni kwa yale waliyoyasoma.

Ndugu wasomaji, hesabu hii si ngeni kwetu. Mkata mkonge na mchuma chai wanaijua tofauti iliyopo kati ya bei ya mnada na malipo ya kibarua. Kilicho kigeni ni kwamba safari hii jeraha halionekani mkononi. Daktari wa kiwanda hana bendeji yake, na sheria nyingi za fidia ziliandikwa kwa ajili ya vidole vilivyokatika.

Wakenya hawakukaa kimya. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya watu 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni ya Meta, yenye Facebook, inaweza kushtakiwa nchini humo katika kesi zilizofunguliwa na wafanyakazi waliokuwa wakichuja picha na maandishi ya mtandao wake. Maana yake ni kubwa: kumweka wakala katikati hakumtoshi tajiri wa mbali kukwepa mahakama zetu.

Yako mambo matatu ya kutenda.

La kwanza, tulinde habari zetu. Programu inayokwangua bei ya chai inaweza pia kukwangua jina lako, picha yako na ulichoandika siku ya mgomo. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Viongozi wa matawi wazisome.

La pili, mikataba ya hali bora iwe na kifungu cha mashine hizi. Mwajiri akitaka kuitumia kumpima au kumchunguza mfanyakazi, chama kiarifiwe kwanza. Aidha, tusikubali mtu aadhibiwe kwa neno la mashine peke yake. Tarishi huyu hudanganyika: mtu anaweza kuficha maagizo ndani ya ukurasa, na wakala akayafuata kana kwamba ametumwa na bwana wake.

La tatu, tuitumie wenyewe. Katibu wa tawi anayekwenda kwenye majadiliano ya mishahara anaweza kuituma ikusanye bei za mnada na taarifa za mapato ambazo kampuni imekwisha zitangaza hadharani. Lakini kila tarakimu aihakikishe kwenye ukurasa ilikotoka kabla ya kuitamka mezani.

Korona haikuwahi kuwa adui wa mkata mkonge. Mabishano yalikuwa juu ya malipo, usalama wa mikono, na nani asimame karibu na meno yake. Kwa mashine hii mpya maswali ni yale yale, na waliokwisha simama karibu na meno yake ni ndugu zetu wa Nairobi.