Kiinua mgongo: nyumba, gari au sukuk?

Mfanyakazi wa Serikali Zanzibar anastaafu kwa lazima akifikisha miaka 60. Pensheni Jamii, anayopewa mzee anayetimiza masharti ya ukaazi hata kama hajaajiriwa maisha yake yote, inaanza akifika miaka 70. Katikati pana miaka 10, na ndiyo inayowatoa jasho wastaafu wengi. Pamoja na pensheni ya mwezi wana kiinua mgongo mkononi, na kila anayekaa naye barazani Bububu ana ushauri: jenga upangishe, nunua gari, weka benki. Tuzipime njia hizo.

Pesa inayokuja yenyewe

Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Sasa ni 50,000. Ukigawa kwa siku 30, kila siku ina kama 1,660, ambayo haitimizi kilo ya mchele mzuri. Shukuru ukiipata, lakini usiitegemee peke yake.

Nguzo kubwa ni Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya 1998. Mwajiriwa anakatwa asilimia 7 ya mshahara, mwajiri anaongeza karibu mara mbili ya hiyo. Kwa mshahara wa 600,000, zinaingia 42,000 zako kila mwezi, na za mwajiri juu yake. Makato kuonekana kwenye karatasi ya mshahara si ushahidi kwamba yamefika kwenye Mfuko, hivyo anayefanya kazi hotelini Nungwi au Kiwengwa aombe taarifa ya michango yake mapema, asingojee siku ya kuaga. Muuza samaki, fundi cherehani na dereva nao wana mpango wa hiari wa ZSSF.

Milioni 30, njia tatu

Chukua mfano wa mstaafu aliyebakiwa na milioni 30 baada ya kulipa madeni na kumalizia nyumba anayoishi. Hesabu hizi ni za kukadiria. Weka bei za mtaani kwako.

*Nyumba ya kupangisha.* Banda la milioni 30 likipangishwa kwa 150,000, na likakaa na mpangaji miezi 10 kwa mwaka, linaleta 1,500,000. Toa 200,000 za rangi, bati na bomba, inabaki 1,300,000, kama asilimia 4. Faida yake nyingine ni kupanda thamani kwa eneo. Kumbuka ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali na unachonunua ni haki ya kuitumia, kwa hiyo karatasi ya mauziano pekee haitoshi: pita kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi. Kumbuka pia mirathi. Nyumba moja kwa watoto saba mara nyingi inaishia kuuzwa, na kwa sheria ya Kiislamu wasia hauwezi kuvuka theluthi ya mali.

*Gari la abiria.* Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Daladala la milioni 30 likileta hesabu ya 40,000 kwa siku 25, ni milioni moja kwa mwezi. Toa matairi, matengenezo, bima na vibali, tuseme zinabaki 500,000, yaani milioni 6 kwa mwaka. Inapendeza, ila baada ya miaka mitano gari hilo linaweza kuuzwa milioni 10. Umepoteza milioni 4 kila mwaka bila kuziona, na faida halisi ni milioni 2. Juu ya hapo, dereva anayechelewa na hesabu anahitaji bosi mwenye miguu na sauti.

*Sukuk, dhamana na mifuko ya uwekezaji.* Kwa asilimia 10, milioni 30 zinaleta milioni 3 kwa mwaka, na mtaji unarudi ukomavu ukifika. Hati fungani za Serikali kupitia Benki Kuu zinaanzia milioni moja na hulipa kila baada ya miezi sita. Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS una mpango wa kulipa kila mwezi kwa anayeanza na milioni 10. Anayejiepusha na riba ana Zanzibar Sukuk, dhamana isiyo ya riba iliyozinduliwa mwaka 2025, pamoja na akaunti za Kiislamu za PBZ na Amana Bank. Kasoro zipo: bei za sokoni zinapanda huku malipo yamesimama, na pesa iliyofungwa miaka saba si ya kuikimbilia usiku wa kupeleka mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Weka pembeni matumizi ya miezi sita kwanza.

Kwa nini gari linapendwa

Kwa hesabu, gari halishindi. Linanunuliwa kwa sababu nyingine. Mwalimu mkuu aliyezoea kusaini barua na kusubiriwa mlangoni, Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu anasikia konda wa daladala la 502 akiita "Darajani, Darajani," na yeye hana pa kwenda. Mkewe ana ratiba yake, wajukuu wako skuli. Kununua gari kunamrudishia simu za asubuhi na watu wa kumwita bosi. Ni haja ya kweli, lakini milioni 30 ni bei kubwa mno ya kuitimizia. Darasa la jioni la watoto wa mtaa, kamati ya msikiti, kitalu cha mikarafuu kule Kidichi au kuku 50 nyuma ya nyumba vinampa shughuli ileile kwa gharama ndogo, na vikianguka havimwangushi naye.

Uamuzi wetu: pesa iende mahali isipohitaji miguu yako, yaani sukuk, dhamana au mifuko, nawe uende kwenye kazi isiyohitaji pesa yako. Nyumba ni chaguo la pili, kwa mwenye kiwanja chenye hati tayari. Gari liwe la mwisho. Jamaa wakija kukopa, na watakuja, tenga kiasi cha sadaka na msaada kabla hawajabisha hodi, kisha kikiisha sema kimeisha.

Kama una miaka 50 leo, usingoje barua ya kustaafu. Wiki hii nenda ofisi ya ZSSF, omba taarifa ya michango yako, na uhesabu mwezi kwa mwezi.