Fahamu: Amri ya DELETE kwenye kanzidata

Ni nini?
DELETE ni amri ya lugha ya SQL inayoondoa safu mlalo kwenye jedwali la kanzidata. Kila safu ni rekodi moja, mathalani ya mteja.

Hatari iko wapi?
Kwenye sharti la WHERE. Ukiandika DELETE FROM wateja WHERE namba = 7, anaondoka mteja wa namba hiyo tu. Ukisahau WHERE, jedwali zima linabaki tupu. Ni busara kutanguliza BEGIN, amri inayofungua muamala unaoweza kutenguliwa: idadi ya safu zilizofutwa ikikushtua, andika ROLLBACK na zote zitarudi. Ukishaandika COMMIT kuthibitisha mabadiliko, tegemeo lako ni nakala rudufu.

Je, hufutika kweli?
Si papo hapo. Mfumo wa kanzidata wa PostgreSQL, kwa mfano, huificha safu kwanza. Nafasi yake husafishwa baadaye na amri yake ya VACUUM.