Kukodi gari la umeme Maui: Gari si tatizo, shughuli ipo kwenye kuchaji

Mgeni anatua uwanja wa ndege wa Kahului, kisiwani Maui, Hawaii. Wiki kadhaa nyuma alichagua mtandaoni gari la bei ya chini kabisa, lile ambalo kampuni ndiyo inamchagulia mteja aina. Akifika kaunta anaambiwa lake ni la umeme. Hajawahi kuendesha gari la umeme maishani, lakini nyuma yake kuna foleni na watoto wamechoka. Anasaini, anaondoka.

Maswali yanaanza usiku, chaji imebaki asilimia 40 na nyumba aliyopanga haina chaja.

Siyo bahati mbaya tu. Mwaka 2021 kampuni ya Hertz ilitangaza kununua Tesla 100,000. Januari 2024 ikasema inauza magari ya umeme 20,000, kwa sababu matengenezo yalikuwa ghali na wateja hawakuwa wengi kama ilivyotarajia. Kwa hiyo gari la umeme likionekana kwa bei poa kuliko la petroli, si lazima kuwe na mtego. Mara nyingi ni gari ambalo wengine wamelikwepa.

Na kwa umbali, Maui haina shida yoyote. Kisiwa ni kidogo. Kutoka Kahului hadi hoteli za Wailea ni chini ya kilomita 30. Safari ndefu ambayo kila mgeni anaitaka ni ile ya Hana, yenye kona zaidi ya 600, na ni kama kilomita 84 kwenda. Kwenda na kurudi haifiki kilomita 170. Nissan Leaf ya betri ndogo inakwenda takriban kilomita 240 ikiwa imejaa, na Tesla Model 3 inapita 400. Ila ni vizuri kuondoka na chaji ya kutosha, maana ukishapita mji wa Paia hakuna hata kituo cha petroli mpaka Hana, na mtandao wa simu unakatika katika sehemu nyingi za njia.

Kwa hiyo swali la maana kabla ya kulipia ni hili: gari litalala wapi?

Soketi ya kawaida ya ukutani Marekani ni ya volti 120. Ukichomeka gari hapo, linapokea kama uniti moja na kidogo kwa saa. Usiku mzima wa saa kumi unatoa chaji ya kilomita 70 hivi. Ni kidogo, lakini kwa mtu anayekwenda ufukweni na kurudi, inatosha kabisa. Chaja ya volti 240, ile inayofungwa hotelini au kwenye maegesho, inaweza kujaza gari usiku mmoja. Mwenye chaja ya aina hiyo anapolala hana la kuhofia.

Kwenye nyumba za kupanga, mgeni aombe ruhusa kwanza. Umeme wa Hawaii ndio ghali kuliko wa jimbo lolote Marekani. Miaka ya karibuni uniti moja nyumbani imekuwa zaidi ya senti 40 za dola, wakati wastani wa nchi ni chini ya nusu ya hapo. Kila kisiwa kina gridi yake, hakuna waya wa baharini wa kuazimana umeme, na kwa miaka mingi mitambo imeendeshwa kwa mafuta yanayoletwa kwa meli. Mtu akichomeka gari kimyakimya, mwenye nyumba ataliona kwenye bili.

Bei hiyo pia inapunguza utamu wa kuacha petroli. Safari ya Hana inakula kama uniti 28, yaani zaidi ya dola 11 kwa bei ya nyumbani. Kwenye chaja za haraka za barabarani inaweza kuzidi hapo. Nafuu bado ipo, lakini isitarajiwe kuwa kubwa.

Kwenye chaja za haraka za Hawaiian Electric, shirika la umeme la huko, saa nazo zina bei yake. Mchana, jua likiwa kali na paneli za sola zikizalisha, ndiyo nafuu. Jioni watu wakirudi nyumbani inapanda. Anayechaji wakati wa chakula cha mchana analipa kidogo kuliko anayesubiri mpaka baada ya machweo.

Sheria ya Hawaii inataka maegesho ya umma yenye nafasi 100 au zaidi yawe na angalau nafasi moja yenye chaja. Angalau moja, na mara nyingi inakuwa hiyo hiyo moja, kwa hiyo foleni ni kitu cha kutegemea. Mwenye gari la petroli akiegesha hapo anaweza kupigwa faini ya dola 50 hadi 100. Mwenye la umeme naye akiacha gari limeshajaa na kwenda kuogelea, chaja nyingi zinaanza kuhesabu faini ya kukaa bure kwa dakika.

Programu za simu za kulipia zipakuliwe na kadi ya benki iunganishwe kabla ya kuondoka Kahului. Plagi nazo zinatofautiana: nyingi za Leaf zinatumia aina ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, Tesla ina yake. Kaunta waulizwe ni ipi, na adapta gani zimo kwenye buti.

Halafu kuna Haleakalā. Huu ni mlima wa volkano wa mita 3,055, juu kuliko kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, na barabara ya lami inafika karibu na kilele. Kunyanyua gari la tani mbili na abiria wake kutoka pwani hadi pale kunahitaji uniti 16 hivi, kabla ya kuhesabu mwendo wenyewe na hita. Baridi ya alfajiri huko juu hukaribia kuganda. Leaf ya uniti 40 inaweza kula zaidi ya nusu ya betri njiani, na dereva asiyejua atapata presha akitazama namba zinavyoshuka.

Atulie. Wakati wa kuteremka mota inageuka jenereta, inashika mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, na breki hazichoki. Gari laweza kufika chini na chaji nyingi kuliko ilivyokuwa kileleni. Tahadhari ni kwa anayelala nyumba za mlimani, kama Kula: asijaze mpaka asilimia 100 kabla ya kushuka, kwa sababu betri iliyojaa haina pa kuweka umeme huo, na breki za kawaida zitafanya kazi yote.

Siku ya kurudisha, kampuni nyingi zinataka gari liwe na kiwango fulani cha chaji, na likipungua wanatoza. Kiwango kinatofautiana, kimeandikwa kwenye mkataba uliosainiwa haraka haraka siku ya kwanza. Picha ya dashibodi ikionyesha asilimia, ikipigwa wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha, inamaliza ubishi pale kaunta.