Mtoto wa Bute Ndani ya Merikebu ya Almeida

Juma hili tumepokea barua kutoka Bute, kaskazini mwa kaunti ya Wajir karibu na mpaka wa Ethiopia. Mwandishi wake ni mama mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huko na Muajuran. Mwanawe wa miaka 13 amepata kwa binamuye mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires II, na humo huliongoza jeshi la Francisco de Almeida, Mreno aliyeichoma Mombasa. Mama anauliza kama ampokonye.

Mchezo huo ulitoka mwaka 1999. Mwaka 2015 ukaongezewa sehemu iliyopewa jina la The African Kingdoms, yaani Falme za Kiafrika, na mataifa manne mapya yakaingia: Waberberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Msomaji atuwie radhi tukitabasamu. Katika falme nne za Kiafrika, ya nne inatoka Lisbon! Waswahili na Wasomali hawakutajwa miongoni mwa hizo nne, na anayetaka kusafiri Bahari ya Hindi humo anapanda merikebu za Almeida.

Ni vyema tukumbushane aliyoyatenda. Almeida aliondoka Ureno Machi 1505 akiwa na cheo cha makamu wa mfalme katika Bara Hindi. Julai aliitwaa Kilwa, akamng'oa Amiri Ibrahim, akamtawaza mtu aliyemridhia na kuanza kujenga ngome. Agosti akatia nanga Mombasa. Wenyeji hawakusalimu amri. Walipigana kwa mizinga na mishale, na katika vichochoro vyembamba wakawarushia Wareno mawe kutoka juu ya nyumba. Mji ukatiwa moto, kisha ukaporwa. Habari hizi tunazo kwa sababu Mjerumani Hans Mayr, aliyekuwa katika msafara huo, aliziandika. Ipo pia barua ambayo mfalme wa Mombasa alimpelekea mwenziwe wa Malindi, akimweleza jinsi mji wake ulivyojaa maiti na uvundo hata hakuthubutu kuuingia.

Basi kosa la mchezo wa namna hii si lazima liwe la tarehe. Mwaka waweza kuwa sahihi, bendera sahihi, hata umbo la merikebu likawa sahihi, na bado mtoto akapotoshwa kwa mahali alipoketishwa. Aliyepewa nafasi ya Almeida huiona Mombasa kuwa ukuta wa kubomolewa. Mwanamume aliye juu ya dari na jiwe mkononi, akiwa na wanawe ndani ya nyumba, kwake ni kizuizi tu. Na yule aliyeiandika ile barua hana kiti kabisa.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni ya watu wa pwani peke yao. Mwaka 1507 Wareno chini ya Tristão da Cunha waliishambulia na kuichoma Barawa, mji ambao wenyeji wake husema Chimwiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Mogadishu waliitazama wakaiacha. Bara, katika nchi ya mto Shabelle, ulikuwako utawala wa Waajuran, wenye maimamu wake na kodi zake, ambao jina lake ndilo analolibeba kijana wa Bute kwa upande wa baba.

Upo mchezo mwingine uliompa kiti. Europa Universalis IV, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Uswidi, huanzia mwaka 1444, na mchezaji aweza kuchagua Ajuran, Mogadishu, Mombasa, Malindi au Kilwa. Tunaupongeza kwa hilo. Lakini saa ikianza kwenda, mambo huenda atakavyo mchezaji, na kijana wetu aweza kuiteka Lisbon kabla ya kuitwa chakula cha jioni. Kiti kimepatikana, historia imeachwa mlangoni.

Ugomvi juu ya kiti haukuanzia Bute. Machi 2025 ulipotoka Assassin's Creed Shadows, watu walibishana vikali kwa sababu mmoja wa wahusika wake wakuu ni Yasuke, Mwafrika aliyemtumikia Oda Nobunaga huko Japani mwaka 1581 na 1582. Mwandishi Mjesuiti wa baadaye alisema kwamba alitoka Msumbiji. Alikuwako kweli, yaliyoandikwa juu yake ni machache, na mengi ya mchezoni ni ya kubuni.

Hata hivyo, tukimpata shujaa wetu tusimpake mafuta. Malindi, iliyotawaliwa na Mwislamu, ilikuwa rafiki wa Wareno na hasimu wa Mombasa. Mapokeo ya Wasomali wenyewe hukumbuka kwamba maimamu wa Ajuran walidhulumu raia mpaka wakaasiwa. Ushahidi wa haki katika dini yetu haumhusu adui pekee.

Kwa hiyo tunamwambia mama asimpokonye. Amwekee kiasi, asichelewe sala wala masomo, na siku ya Mombasa akae naye, amsimulie ile barua ya mfalme. Kisha amweleze mwisho wa Almeida. Mapema mwaka 1510, akirejea kwao, alipita rasi ya kusini mwa Afrika. Watu wake walikivamia kijiji cha Wakhoikhoi, ambao ni wafugaji, wakachukua ng'ombe na, kwa masimulizi ya Wareno wenyewe, watoto. Wenyeji wakawafuata. Ng'ombe wao walizoea kutii miluzi na sauti za wenyewe, nao wakawaswaga wakapigana wakiwa wamejikinga nyuma yao. Almeida aliuawa palepale ufuoni pamoja na makumi ya watu wake. Mtoto aliyezoea kuwaita ngamia kisimani ataielewa vita hiyo upesi kuliko sisi wa pwani.