Si Kila 'Serious' ni Ernst

Neno 'serious' tumelipa uraia zamani: "Uko siriasi?" Hata hivyo, mgonjwa anayepumua kwa shida hatumwiti siriasi; ni mahututi. Jeraha ni baya, suala ni zito, mwanafunzi ni makini. Kiswahili kimeshaligawa neno hilo mafungu, na Kijerumani nacho kina mgawo wake. Anayeumbuka ni yule anayefungua kamusi, akakuta 'ernst' mstari wa kwanza, akalibandika kila mahali.

Ernst ni uso usiocheka, ni maneno yasiyo na mzaha. "Uko siriasi?" huwa "Meinst du das ernst?" Ernst pia ni jina la mwanamume. Kwa bahati hiyo, tamthilia ya Oscar Wilde ya mwaka 1895, inayochezea jina Ernest na neno la Kiingereza 'earnest', yaani asiye na mzaha, iliingia Kijerumani kama Ernst sein ist alles na utani wake ukabaki mzima. Wafaransa ilibidi wambadilishe mhusika jina, akawa Constant.

Penye mwili na maumivu, shika 'schwer', yaani -zito. Takwimu za ajali za barabarani Ujerumani humhesabu kuwa 'schwer verletzt' majeruhi aliyelazwa papo hapo kwa saa 24 au zaidi. Wengine ni 'leicht verletzt', kwa maana ya jeraha jepesi. Sheria nayo ina neno lake: kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kinahusu 'schwere Körperverletzung', kudhuru mwili hadi mtu apoteze, kwa mfano, uwezo wa kuona au kusikia. Ukiandika 'ernste' kwenye hati ya mahakama, wakili atakuelewa, lakini kosa hilo halimo kwenye sheria yake.

Mtego wenyewe ni 'seriös'. Sura yake ni ya 'serious', tabia yake siyo. Seriös ni mtu au kampuni ya kuaminika, isiyo na ujanja. Daktari asiyetabasamu ni ernst. Daktari asiyekuibia ni seriös, hata akicheka kutwa.

Ndiyo maana mimi huitazama nomino kwanza, kivumishi hungoja. Na ukikutana na wakala wa kampuni ya mfukoni anayekuahidi kazi Ujerumani na kudai ada kabla hujaona mkataba, Wajerumani wana neno lake: unseriös.