Mto Unapopungua Maji

Wanangu, wengi hudhani mto ukipungua maji basi umepoa, na mtu anaweza kuushuka huku akiimba. Ngojeni niwaambie habari za mto mmoja wa jimbo la Idaho, Marekani, uitwao Middle Fork Salmon.

Mto huu hauna bwawa hata moja, na tangu 1968 unalindwa na sheria ili ubaki hivyo. Unakata milima kwa kilomita 160 hivi, ukiporomoka zaidi ya mita 800. Maji yake mengi hutokana na theluji. Milima ile ni ghala: majira ya baridi hulijaza, na jua la Mei na Juni hulifungua mlango. Hapo mto hufurika na kunguruma, ukibeba hata magogo. Ikifika Agosti ghala ni tupu, mvua ni haba, na mto unaishi kwa vijito na chemchemi tu. Mawe yaliyokuwa yamefunikwa kabisa yanatoa vichwa.

Sehemu ya juu ndiyo hubadilika zaidi. Kilomita 40 za mwanzo za safari ya boti, kutoka Boundary Creek mpaka Indian Creek, huwa mawe kwa mawe, na maji yanajipenyeza katikati. Wasafiri wengi hawazipiti majira hayo. Hupanda ndege ndogo, pamoja na boti zao za mpira zilizokunjwa, wakatua Indian Creek na kuanzia hapo. Anayeng'ang'ania kuanzia juu hupunguza mizigo, maana boti nzito inakwama kila hatua.

Mpiga kasia hodari huyatazama maji kwanza. Mkondo laini ukijibana kati ya mawe mawili, ukachora ncha inayoelekea mto unakokwenda, hapo ndipo njia. Ncha ikikuelekea wewe unayekuja, maji yakitawanyika pande mbili, jueni jiwe limejificha chini yake. Maji yakiwa machache alama hizi zimejaa kila mahali, na nafasi ya kugeuza boti ni ndogo. Ndiyo maana mimi nasema mto uliopungua unadai akili zaidi ya ule uliojaa.

Basi boti imegonga jiwe kwa ubavu. Mwili wako utataka kulikimbia jiwe. Usiukubalie! Ukilikimbia unaulemea ubavu ulioelekea maji yanakotoka; ubavu ule unazama, maji yanaingia kwa nguvu, na boti inagandamizwa pale pale, pengine kwa saa nzima. Wote rukieni upande wa jiwe, mliegemee. Ubavu ule mwingine utainuka, maji yapite chini yake, kisha mjisukume mtoke.

Na ukianguka majini je? Hapa nisikilizeni vizuri. Usisimame kwenye maji yanayokwenda kasi, hata kama yanakufika magotini tu. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, mkondo utakusukuma kifudifudi, na maji hayo machache yatatosha kukuzamisha. Lala chali, miguu juu, vidole vikitazama mbele, jaketi lako la kuelea likikushikilia juu ya maji, mpaka ufike kwenye maji yaliyotulia. Hapo ndipo unaposimama.

Wakati huo huo wa maji machache kuna wasafiri wengine wanaopanda kwenda juu. Samaki aina ya samoni hutoka Bahari ya Pasifiki, wakasafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kuvuka mabwawa 8 ya mito Columbia na Snake, ili watage kwenye vijito walikozaliwa. Jike hupigapiga mkia juu ya kokoto mpaka achimbe shimo, akataga humo, kisha akayafunika mayai. Ukiona kokoto zimeng'aa kuliko za pembeni, zimesafishwa utelezi wote, hapo pana mayai. Usipakanyage wala usikokote boti juu yake. Peleka boti kwenye maji ya kina, hata kama itabidi wote mshuke nchi kavu na kuibeba pamoja.