Mkono wa daktari nao hupimwa

Pana mzee hapa Bamburi hushona kofia za mkono barazani kwake. Ukimtazama, sindano yaingia, yatoka, basi. Kijana anayejifunza kando yake hupinda mkono mara nne kwa tundu moja, na jioni shingo yamuuma.

Nilimkumbuka nikisoma jinsi wapasuaji wanavyopimwa. Huko Imperial College, London, kundi la Profesa Ara Darzi lilitengeneza mtambo wa kunasa mwendo. Kidude hubandikwa nyuma ya kila kiganja, na kompyuta huhesabu mkono umesogea mara ngapi, umbali gani, kwa muda gani. Kwa fundo lile lile, bingwa husogea mara chache kuliko mwanafunzi. Hapo upendeleo wapungua.

Lakini kompyuta hiyo haijui kama fundo limekaza. Mkono mwepesi waweza kufunga vibaya, damu ikavuja usiku. Jicho la mwalimu halistaafu, jamani.

Kwangu, faida kubwa ni mwili wa daktari mwenyewe. Upasuaji wa matundu madogo humsimamisha saa nyingi, mabega juu, macho kwenye skrini. Vidude hivyo akivivaa shingoni na mgongoni huonyesha ameinama kiasi gani. Pengine dawa ni kushusha meza tu, au kuiweka skrini mbele ya macho. Afrika Mashariki wapasuaji ni wachache. COSECSA, chuo chao chenye makao Arusha, huwafunza kwa miaka. Mmoja akiumia mgongo, foleni yarefuka, na foleni hiyo ni ya mama zetu.